Miguu ya Nyuma ya Ng'ombe

Cora Tibbets hakuwa mtu wa kubembelezwa aache jambo. Siku walipoanza kubomoa jumba la zamani la sinema la Carbon Wells, kule jangwani Nevada, bibi huyu wa miaka sabini na kitu alifika na sepetu begani.

"Bibi, toka hapo, ukuta utakuangukia!" msimamizi akapiga kelele.

"Ukiniangukia mtakuwa mmeshanizika. Nipishe!"

Alikuwa akitafuta filamu moja, kichekesho cha wachunga ng'ombe cha enzi sinema zilipokuwa bubu. Marehemu mumewe, Vern, alicheza humo akiwa ndani ya ngozi ya ng'ombe wa bandia, upande wa miguu ya nyuma. Mwishoni kabisa alichomoa kichwa akacheka. Cora hakuwahi kuiona. Ilipofika mjini, yeye alikuwa kando ya kitanda cha Vern, na homa ile ndiyo iliyomuua. Baadaye nyumba ikaungua na picha zote. Alikuwa ameanza kuusahau uso wa mumewe, na hilo lilimtia hofu kuliko kufa.

Kila mtu alimwambia filamu imepotea. Lakini Carbon Wells ilikuwa mwisho wa reli. Filamu zilifika pale zimeshachakaa, kampuni haikuzitaka tena, ikaagiza zichomwe. Na aliyeagizwa kuzichoma ni Enos Lundy, mwonyeshaji sinema, mvivu asiyechoma hata takataka zake.

"Nilizifukia shimoni chini ya jukwaa," Enos alikiri, akijikuna kidevu. "Lakini Cora, zile zinashika moto kama petroli."

"Basi lete ndoo ya mchanga, usiniletee maneno."

Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Likatoka kopo moja la filamu ile, kisha la pili. Kifuniko kilionyesha kuwa la pili ndilo lenye mwisho wa hadithi. Cora alilifungua, filamu ilikuwa imeoza ikawa unga wa kahawia tu. Alikaa chini kwenye kifusi, akalia bila kujificha. Kisha akapangusa pua.

"Onyesha hilo lingine."

Enos alitundika shuka, akazungusha mashine kwa mkono, polepole. Ng'ombe wa bandia akatokea, akifukuzwa na kijiji kizima, akakimbilia baa. Mlangoni akasimama. Mguu wa nyuma wa kushoto ukajipangusa kizingitini, mara tatu, kwa adabu, ndipo ng'ombe akaingia.

Enos akaangua kicheko. "Ng'ombe anafuta matope! Nani aliwaza kitu kama hicho?"

"Hakuna aliyewaza." Cora alimgeukia. "Mimi ndiye niliyemgombeza tangu tulipooana. 'Futa miguu, Vern, ndiyo kwanza nimepiga deki.' Nilidhani hanisikii."

Akasogeza kiti chake karibu na shuka.

"Rudisha nyuma, Enos. Anzia mlangoni."