Bihogo Haombwi Tena

Ng'ombe Bihogo alikuwa na pembe ndefu hata ndege wawili walipotua, mmoja kila ncha, huyu alinyeshewa na yule aliota jua. Anayebisha angekuja kupima wakati ule.

Mwenye ng'ombe alikuwa Gaspari wa Kasulo, mtu mpole, mzito kidogo wa kufikiri. Mwaka wa tisini na nne, watu waliokimbia mauaji ya Rwanda walipomiminika kutoka daraja la Rusumo na magodoro vichwani, alimkuta bibi mmoja, Keza, ameketi kando ya barabara amekumbatia kibuyu cha maziwa, kitupu. Ng'ombe wake wote walibaki ng'ambo. Gaspari akashikwa na huruma, akampa Bihogo. Tuseme ukweli: Bihogo alishazeeka na maziwa yalishakauka. Moyo ulitoa, lakini jicho ndilo lililochagua.

"Umetoa kiongozi wa zizi!" mkewe Jovina akang'aka.

"Nimetoa kikongwe."

"Haya. Siku ya safari utaongoza wewe. Pembe unazo?"

Kiangazi kilipofika, kijito kilikuwa tope tupu kwa ndoo na miguu ya maelfu ya wakimbizi. Ng'ombe wakatoa mbavu. Gaspari akaamua kuwahamishia kwa shemeji yake Novatus, Nyamahanga, kule Biharamulo, mwendo wa siku tatu. Asubuhi akafungua zizi. Hakutoka hata mmoja. Akaimba, akapiga mluzi, akasukuma matako. Walisimama tu wakitazama lango, wanamngoja Bihogo atangulie. Jovina alicheka mpaka akakaa chini. Kisha ndama mmoja akapiga magoti, asiinuke tena, na kicheko kikamkauka.

Sasa afanyeje? Kwao, ng'ombe uliyemtoa kwa urafiki haombwi tena, hata wa kuazima siku moja. Ukifungua mdomo tu, urafiki umekufa.

Akakamua kilichopatikana, akaenda kwenye kibanda cha Keza pembeni ya kambi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Keza akaonja. "Maziwa mepesi haya. Ng'ombe wako wanakunywa nini?"

"Tope, mama."

"Na hujahama?"

Gaspari akatazama vidole vyake vya miguu. Bihogo akaja kumlamba kiwiko.

"Mama, sijaja kuomba kitu."

"Nani kasema umeomba? Mimi ng'ombe wangu ananisumbua, anataka kutembea. Kesho nitampitisha mbele ya zizi lako. Wako wakimfuata, usije ukanilaumu."

Kesho yake Bihogo alilia mara moja tu, zizi zima likamwagika nje. Malori ya mahindi yalizima injini kumpisha, maana barabara haikutosha pembe na lori. Keza alitembea ubavuni mwake na fimbo ambayo hakuinyanyua hata mara moja.

Nyamahanga kulikuwa na majani na maji safi. Keza akanywa, akaaga, akageuka na Bihogo. Kundi lote nalo likageuka. Wakarudishwa, akageuka tena, wakageuka tena. Novatus alijilaza chini kwa kucheka. Gaspari hakucheka. Neno "mwache" lilimfika kooni, akalimeza.

Keza akamtazama, akaenda kumkuna Bihogo nyuma ya sikio.

"Gaspari, huyu ni wangu."

"Ni wako, mama."

"Basi nichungie."

Keza akarudi Kasulo kwa lori, kibuyu kimejaa. Na tangu siku hiyo, kila msafiri wa kwenda Kasulo alibebeshwa maziwa ya Keza, mpaka wakimbizi waliporudi kwao.

Watu walipomuuliza Gaspari penye maji yule mwenye pembe ni wa nani, alijibu, "Wa mama Keza. Mimi mchungaji." Bihogo alipokufa kwa uzee, alizifunga pembe kwa kanga akaziweka ndani, mwenyewe akija azikute. Nyumba haikuzitosha. Jovina alitoboa ukuta kwa mkono wake, ncha moja ikatokeza nje, na kuku wakapata pa kulala.