Mstari Uliopinda wa Bibi Tveit

Kwa miaka thelathini na mmoja Ardith Sorum alikuwa mwizi. Hakuiba ng'ombe. Wezi wa ng'ombe wa kule kwetu tunawajua kwa majina, na wawili kati yao huimba kwaya. Ardith aliiba mishono.

Kila Jumanne wanawake wa kanisa la Kilutheri walikutana kwenye chumba cha chini ya kanisa, wakaizunguka fremu, wakashona mfarishi: juu vipande vya nguo kuukuu vilivyoungwa kwa ustadi, katikati pamba, chini shuka, kisha mishono midogo ya kuvishika vyote pamoja. Mifarishi hiyo walipewa maharusi, watoto wachanga na watu waliounguliwa nyumba. Tukisema ukweli, kazi kubwa ya Jumanne ilikuwa kusengenya, na sindano zilikuwepo ili mikono isikae bure. Jioni Ardith alikunja kazi na kusema, kwa sauti ya mtu anayejitoa mhanga, "Mie nitaipeleka nyumbani nikaipige pasi."

Pasi aliipiga kweli. Lakini kwanza alichukua kimkasi chake na kufumua kila mshono ambao si wake, akaurudia upya, mishono kumi katika kila inchi, imenyooka kama askari wa gwaride. Mishono ya Bernice Loken ilimtia uchungu hasa; ilikuwa kama meno ya mbuzi mzee. Jumanne iliyofuata Bernice angeitazama kazi yake na kusema, "Jamani, mkono wangu umetulia siku hizi," na Ardith, keki tele mdomoni, angeitikia kwa kichwa. Kila Jumapili aliungama dhambi zake pamoja na kanisa zima, na hii hakuwahi kuitia kwenye hesabu. Aliiona ni huduma.

Basi kanisa likatimiza miaka mia moja, na wanawake wakaamua kutengeneza mfarishi wa chapa. Kule kwetu chapa ya ng'ombe ndiyo jina la mtu. Jina la ubatizo ni la kuandika kaburini. Familia kumi na moja, vipande kumi na moja, na kila mama wa familia akidarizi chapa yake kwa uzi mwekundu. Chapa ya Loken ni duara na mstari ulionyooka chini yake. Chapa ya Tveit ni duara na mstari uliopinda.

Huo mpindo una kisa. Zamani koo hizo mbili zilikuwa na chapa moja. Kisha wakagombania kisima. Lars Tveit akachukua nusu ya ng'ombe na chuma kimoja cha kuchomea chapa, akakigonga kwenye gurudumu la trekta hadi mstari ukapinda kama nyusi ya mtu asiyekuamini, akaapa kwamba ng'ombe wake hawatafanana na wa Loken hata matakoni. Tangu siku hiyo Tveit hukaa upande wa kushoto wa kanisa na Loken upande wa kulia, na Mungu huwasikiliza kila mmoja kwa sikio lake.

Lars alishakufa. Mjane wake, Bibi Oletta Tveit, alikuwa na miaka tisini na miwili na macho yaliyobakiza mwanga tu. Kipande chake alikidarizi kwa kupapasa, wiki sita nzima.

Ulikuwa msimu wa mitamba kuzaa, kila mtu yuko mbioni, kwa hiyo Ardith aliwaambia wenzake wasijisumbue, atamaliza yeye. Akawa anakaa ndani ya pikapu malishoni, jicho moja kwa mitamba, jingine kwa sindano. Ukiacha chake mwenyewe, alifumua na kurudia vipande tisa kwa siku tatu. Alipofika kwenye cha Bibi Tveit, kichwa kilishachoka na vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Vidole vikaona kitu kimepinda, vikafanya kile ambacho vimefanya kwa miaka thelathini na mmoja kwa kila kilichopinda.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya sherehe, wanaume walikuwa wakipanga meza kanisani. Mumewe Ardith, Verlin, alikuwa juu ya ngazi akiutundika mfarishi ukutani. Verlin ni mtu wa maneno manane kwa siku, na sita kati ya hayo huwa ni ya mbwa.

"Ardith."

"Nini?"

"Loken wana chapa mbili siku hizi?"

Ardith akainua macho. Kweli, pale juu palikuwa na duara na mstari ulionyooka, na safu ya chini yake, duara na mstari ulionyooka. Tveit hawakuwepo.

"Mungu wangu. Ushushe!"

"Ndiyo kwanza nimeu..."

"Ushushe, Verlin! Mfarishi una nywele za paka!"

Walirudi ranchini mbio, mfarishi mapajani mwake. Kesho saa nne Bibi Tveit angesukumwa mbele kwa kiti chake cha magurudumu, kwa kuwa ndiye mzee kuliko wote, aufunue mfarishi mbele ya kanisa zima. Aukute ukoo wake umetiwa mfukoni mwa Loken! Na Ardith angejieleza vipi bila kusema habari za kimkasi? Wangemtoa kwenye kikundi. Wala si mfarishi aliokuwa akiulilia. Jirani wa karibu alikuwa maili saba. Jumanne ndiyo ilikuwa siku pekee aliyosikia sauti ya kiumbe asiyemdai chakula.

Jikoni alikifumua kipande cha Tveit na kuanza upya. Binti yake Roxanne, aliyerudi nyumbani baada ya kumwacha mume wa pili, alikuwa amekaa mezani akimpa maziwa ndama yatima kwa chupa na kutoa ushauri ambao hakuombwa.

"Mama, umeupinda, lakini umeupinda vizuri mno. Hiyo ni nyusi ya mwigizaji wa sinema."

"Nyamaza, mwanangu."

"Yule bibi anasoma kwa vidole. Atajua tu si mkono wake. Jaribu mkono wa kushoto."

Alijaribu mkono wa kushoto. Mishono kumi kwa inchi. Akajaribu amefumba macho. Mishono kumi kwa inchi. Roxanne akammiminia wiski ya baba yake, kimo cha kidole kimoja, kisha viwili. Mishono ikawa kumi na moja.

"Haki ya Mungu, Mama, huo ni ugonjwa."

"Nifanyeje sasa? Na wewe unacheka!"

"Sicheki. Ndama ananitekenya."

Hapo mlango ukafunguliwa na Verlin akaingiza kichwa. "Mtamba," alisema. "Kizazi kiko nje. Sukari."

Kila anayefuga ng'ombe wa nyama kule anaelewa maneno hayo. Mtamba alikuwa amezaa ndama mzima, mwenye nguvu, kisha kwa bidii ya kitoto akaendelea kusukuma mpaka mji wa uzazi ukatoka wote na kuning'inia nyuma kama mfuko mwekundu wa posta. Ardith alinyakua mfuko wa sukari ya keki ya kesho na kukimbia zizini, sindano ya kudarizi bado imechomekwa kwenye kola. Walikiosha kile kizazi, wakakimwagia sukari ili uvimbe ushuke. Ardith akakinyanyua kwa taulo, Verlin akakirudisha ndani taratibu kwa ngumi, shavu lake limebanwa kwenye tako la ng'ombe, akiongea naye kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuupata tangu fungate.

"Haya mama, haya mrembo, tulia, ndiyo hivyo, tunamaliza."

Kisha akatoa sindano yake kubwa iliyopinda na uzi mnene, akaushona mlango wa uzazi ili kizazi kisitoke tena. Ardith akasimama akitazama. Mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umekwenda kutembelea jirani. Hakuna uliofanana na mwenzake, na hakuna ambao ungeachia hata ng'ombe akipanda mlima.

"Verlin," alisema polepole. "Ukimaliza hapo, nawa mikono. Kwa sabuni."

Akamkalisha mezani, akamfunga aproni, akampa uzi mwekundu ashone mstari tu. Kidole gumba cha Verlin peke yake kilifunika chapa nzima.

"Nishone kama nani?"

"Shona kama unamshona ng'ombe."

"Naongea naye?"

"Baba, ongea naye," Roxanne alisema. "Usipoongea atakupiga teke."

Ilimchukua saa nzima na vijitone viwili vya damu, ambavyo kwa bahati vilikuwa rangi ileile ya uzi. Ardith alikaa juu ya mikono yake mwenyewe. Mara mbili aliunyoosha mkono kuelekea kimkasi, na mara mbili Roxanne akakisogeza mbali. Mstari ulipokamilika ulikuwa umepinda, umeyumba, una nundu katikati. Ardith aliuona ni mbaya kupita kiasi, akambusu mumewe kwenye upara.

Jumapili kanisa lilijaa. Bibi Tveit alisukumwa mbele, amevaa kofia yenye ndege aliyekufa kabla ya vita. Akavuta shuka, watu wakapiga makofi, na mchungaji akashika kipaza sauti, tayari kusema mengi. Lakini bibi aliinua mkono.

"Subiri, mwanangu. Nataka kukishika cha kwangu."

Wakaushusha ukingo wa mfarishi hadi mapajani pake. Vidole vyake vikatembea juu ya duara, vikashuka kwenye mstari, vikasimama. Vikarudi, vikazunguka kwenye vipande vingine, vikarudi tena. Ardith alikuwa kiti cha tatu, anaona yote.

"Huu si mkono wangu," alisema bibi.

Mtoto mmoja akapiga chafya.

"Duara ni la Ardith Sorum, hilo nalijua, na hivi vingine kumi vyote ni vyake. Lakini mstari..." Akaupapasa tena, na uso ukaanza kumchangamka. "Mshono huu nimewahi kuuona. Ulikuwa kwenye tako la Dagny, ng'ombe wangu, mwaka ule wa theluji kubwa. Verlin Sorum! Simama."

Verlin akasimama, kofia mkononi, masikio mekundu.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Dagny alizaa mara nne baada ya hapo."

"Nashukuru kusikia, Bibi."

Ardith naye akasimama, maana magoti yalikuwa yameamua bila kumuuliza. Akayasema yote, kimkasi, pasi, miaka thelathini na mmoja, mbele ya mchungaji na kwaya nzima. Alipomaliza alingoja radi. Badala yake alimsikia Bernice Loken akiangua kicheko upande wa kulia.

"We mwanamke! Ulidhani hatujui? Mimi tangu mwaka wa pili nashona kwa kurukaruka tu. Nijitese kushona vizuri kitu kinachokwenda kufumuliwa? Kuna siku nilishona kwa uzi wa kufungia kuku nione kama utasema. Wapi!"

"Mie niliacha hata kuvaa miwani," mwingine akadakia.

Kwa mara ya kwanza Ardith akaelewa kwamba meno yote yale ya mbuzi mzee aliyaotesha mwenyewe.

"Vingine sijali," alisema Bibi Tveit, na kicheko kikapungua. "Vingine fumua. Lakini hiki kilikuwa cha mwisho, Ardith. Sitashona kingine. Nilikishona vibaya kwa sababu Lars aliupinda vibaya."

"Nisamehe, Bibi," alisema Ardith.

"Nitakusamehe. Lakini sheria unaijua."

Aliijua. Jumanne, asiyeweza kushona ndiye hupika kahawa. Hakuna aliyepewa kazi hiyo tangu mchungaji wa zamani alipofiwa na mama mkwe wake, ambaye alishona soksi yake mwenyewe kwenye mfarishi wa harusi.

"Mwaka mzima," alisema bibi. "Na kwenye kiti chake akae Verlin."

"Mimi sipingi," alisema Bernice. "Amenirudishia chapa yangu moja. Mbili zilikuwa zinanichanganya."

Jumanne Ardith alisimama kwenye kidirisha cha jiko la kanisa, mikono haina kitu, kimkasi kimefungiwa kabatini na ufunguo uko shingoni kwa Bibi Tveit. Pale kwenye fremu mumewe, mtu wa maneno manane, alikuwa ameinama kati ya wanawake sita akiwasimulia habari za mume wa kwanza wa Roxanne kwa utamu wa kushangaza. Sindano yake ilikwenda ndefu, ikaja fupi, ikatembelea jirani. Ardith aliuona kila mshono. Akafumba macho, akamimina kahawa, akazunguka na sinia na ule mfuko wa sukari ya keki, na wenzake wakampisha apite katikati yao kama siku zote.

"Nani anataka sukari?" aliuliza.

Wanawake sita walitazama ule mfuko, kisha wakatazamana.

"Hapana, mwenzangu," alisema Bernice. "Roxanne ameshatusimulia."