Mtembeza Wageni wa Monasteri

Mtembeza wageni hutembea kinyumenyume, uso kwa wageni wake, mikono nyuma, na hajikwai hata siku moja. Mfagizi wa monasteri ndiye aliyemwonyesha ngazi ipi imelika na jiwe lipi linacheza, mwaka aliofika bwana huyu hajui kushoto wala kulia, akimwita mama huku akimganda kama kupe. Yote anayosimulia aliyatoa kinywani mwa mfagizi: chumba alimofia mtawa mkuu, kengele iliyopasuka, ukuta uliojengwa mara mbili. Siku hizi huwaambia wageni ametafiti miaka saba, na mama amekuwa “wewe hapo, tupishe.” Akisema kweli hugonga nguzo kwa pete yake, akitaka kudanganya hushusha sauti.

Leo bibi mmoja mwenye fimbo aliuliza kuna nini nyuma ya mlango mdogo. Hilo mtembeza wageni hakuwahi kuambiwa. Alimtazama mfagizi kwa macho ya kuomba.

“Muulize yeye, bibi,” mfagizi alisema, akifungua kwa ufunguo wake. “Mimi sikutafiti.”

Ndani mlikuwa na fagio mbili za njiti. Mtembeza wageni hakupepesa macho. Alishusha sauti.

“Fagio za watawa wenyewe. Zina miaka mia mbili.”

Wageni wakavua kofia, wakapiga picha. Mfagizi, aliyezinunua sokoni Jumanne, alinyoosha mkono achukue ufagio mmoja aendelee na kazi.

“Dada,” yule bwana akasema kwa upole, “tafadhali usiguse.”