Vumbi la Mama Ngoie

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, katika kambi ya reli ya Kalemie, mji ukiitwa bado Albertville, ungeweza kujua mume wa nani yuko safarini bila kumuuliza mtu. Ulitazama ua tu. Ua umefagiwa, basi mwenyewe yupo, analala au anagomba. Ua una majani na mavi ya kuku, mwenyewe yuko njiani.

Kambi hiyo Wazungu waliijengea watu wa treni: mistari minne ya nyumba za matofali, bomba moja la maji, na ugomvi wa ndoo kila asubuhi. Waholoholo, Watabwa, Waluba, Wabembe, kila mmoja aliingia na miiko yake. Huu wa ufagio aliuleta bibi yangu, mtu wa ziwani. Alisema ukifagia ua kabla mtu hajarudi unafuta nyayo zake, na njia ya nyumbani inampotea. Kambi nzima ikaushika. Hata jirani yetu Mama Ngoie, Muluba mcheshi asiyeogopa kitu, aliushika huku akitucheka. "Mambo yenu ya ziwani hayo!" alikuwa akimwambia mama. Lakini mumewe, dereva wa treni, akiondoka, ufagio wake ulilala.

Mwaka wa kwanza wa uhuru, baba yangu, niliyemwita Papa, na mume wa Mama Ngoie waliondoka na treni moja kwenda Nyunzu. Papa alikuwa mtu wa breki. Siku ya pili Beatrisi, mtoto wa karani niliyesoma naye, aliniambia atakuja kututembelea. Kwao kulikuwa na maua mlangoni. Nikaona aibu, jamani! Mama alipoenda sokoni nikafagia ua wote, takataka nikazitia moto. Beatrisi mwenyewe hata hakuja.

Mama aliporudi nilimwambia ni upepo. Aliniamini, au alitaka kuniamini.

Treni haikurudi siku ya tatu, wala ya nne. Ikasemekana njia imekatwa, kuna vita huko mbele. Wanaume wa kambi walianza kuulizana makabila, jambo ambalo kabla ya hapo liliulizwa kwa utani tu. Siku ya tano niliuacha ugali nikamfuata mama.

"Mama, njo mie nilifagia, si upepo."

Mama hakunipiga. Aliketi chini palepale akashika kichwa. Afadhali angenipiga.

Mama Ngoie alisikia yote kutoka kwake. Alichota vumbi la ua wake kwa mfuniko wa sufuria, pamoja na majani na manyoya ya kuku, akaja akalimwaga mlangoni petu.

"Na bwana wako je?" mama akamwuliza.

"Bwana zetu wako mu treni moja. Njia njo ile ile." Akaenda kuchota tena. Wanawake wengine wakaja nyuma yake, kila mmoja na vumbi la kwake, Watabwa kwa Wabembe, mpaka ua wetu ukachafuka kuliko zamani.

Papa alifika siku ya nane, kwa miguu, akifuata reli, nyayo zimevimba. Mume wa Mama Ngoie alikuwa amekataa kuiacha mashine yake peke yake. Hakuonekana tena.

Tangu hapo nilimkwepa Mama Ngoie. Nikimwona bombani, nageuka na ndoo tupu. Moyoni nilijua alichota nyayo za mumewe akampa baba yangu, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Matanga yalipokwisha aliniita kwa jina. Nilikwenda hadi uani kwake. Akanipa ufagio.

"Fagia, mwanangu. Miye sina tena muntu mu njia."

Nilifagia nikilia. Yeye aliinama mbele yangu akinishikia kopo la taka, na tulipomaliza akanipa muhogo wa kuchoma, akakaa akiniangalia mpaka nikaumaliza.

Leo nina umri mkubwa kuliko wake wa siku ile, na bado sijui kama nyayo zinafutika kwa ufagio. Ila mwanangu akisafiri, ua wangu haufagiwi. Wajukuu wananicheka, nami nawaacha. Mama Ngoie naye alikuwa akicheka.