Zima, Washa

Fundi wa kompyuta wa ofisi yetu hapa mjini Plovdiv hutafuna mbegu za alizeti kutwa, na maganda huyaacha kwenye kibodi yangu. VPN ikinigomea, nisiweze kuingia mtandao wa ofisi nikiwa nyumbani, jibu lake ni lilelile: "Dada Zhivka, hiyo kompyuta yako ya Linux ni balaa. Zima, washa." Wiki mbili nazima, nawasha, nasakinisha upya, na mama yangu mgonjwa namwacha peke yake ili nije kazini. Leo nimemsomea ujumbe wa kosa: cheti cha usalama cha seva, seva anayoisimamia yeye, kimekwisha muda. Akajifuta vidole kwenye suruali, akarudi mezani kwake, akakihuisha kimyakimya. Nikajaribu kwa intaneti ya simu yangu, VPN ikashika papo hapo. Akanitazama bila haya: "Umeona? Si nilikwambia uzime, uwashe?"