Kutafuta Jina la Baba Kwenye Jalada la Yona

Safari hii sikuipenda tangu mwanzo, na nasema mapema ili msomaji asitegemee habari za ziwa la Singida na ndege wake. Nilitumwa na baba. Alikuwa ametoka hospitali ya Kiomboi wiki mbili tu, amebaki mifupa na macho. Jioni moja aliniita barazani, nyumbani kwetu Ulemo, akaniambia niende Singida mjini, mahakamani, nikatafute jalada la kesi ya Yona.

"Nikatazame nini humo, baba?"

"Utazame kama jina langu limo."

Yona alikuwa jirani yetu, mwenye pikapu. Miaka saba iliyopita, siku tuliyokuwa tunapura mtama, alikuja kumchukua mdogo wangu Elia ampeleke mjini akalale huko, kesho yake apande basi la Dodoma. Elia alikuwa amepata kazi ya useremala. Hawakufika. Walipokaribia kuingia mjini gari liliacha barabara likapinduka, na Elia akafa palepale. Yona alipimwa akakutwa amelewa, akashtakiwa, akafungwa. Kijiji kizima kilisema Yona ni mlevi, ameua mtoto wa watu, na sisi wenyewe tuliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Alipotoka gerezani hakurudi Ulemo, alihamia Mungaa kwa wajomba zake. Mwaka jana tulisikia amefariki. Hata kuzika hatukwenda.

Lakini pombe aliyokunywa siku ile ilikuwa yetu. Nyumbani kwetu watu wakimaliza kupura, mzee wa nyumba humpa kila aliyefika kibuyu kwa mikono yake miwili, na kijana hakatai kibuyu cha mzee. Yona alikataa. Alisema, "Baba, nina gari." Baba akacheka, akamwuliza mbele ya wageni, "Unanivunjia heshima nyumbani kwangu?" Yona akapokea. Baba akampa cha pili, kisha cha tatu. Aliyekuwa anachota mtungini ni mimi. Hayo hatukuwaambia polisi wala mchungaji, na hata sisi kwa sisi hatukuwahi kuyataja mpaka jioni ile.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani nikingoja basi linalotoka Kiomboi. Baba alinisindikiza na fimbo yake ingawa nilimkataza. Nilikuwa na hasira naye, sifichi. Nilidhani anaogopa kukamatwa uzeeni. Nikajiambia kwamba nikikuta jina lake halimo, nitarudi haraka nimtoe wasiwasi, na tukishamaliza hilo nirudi kwenye cherehani yangu, maana nilikuwa nimeacha sare za kwaya mezani hazina mikono.

Misigiri basi lilisimama, wauza vitunguu wakalizunguka. Mama mmoja mwenye jogoo mapajani alikaa karibu yangu.

"Unakwenda mjini kwa heri?" akaniuliza.

"Nakwenda mahakamani."

Akamsogeza jogoo wake upande wa pili, utadhani mimi ndiye mshtakiwa. "Mume?"

"Hapana, mama."

"Basi ni shamba."

"Wala si shamba."

Akamkumbatia jogoo wake, akalala. Mimi sikulala. Tulipofika pale alipofia Elia nilitaka kufumba macho nikashindwa. Kuna kibanda sasa, wanauza mafuta ya alizeti kwenye chupa, na msichana alikuwa anazipangusa vumbi. Basi lilipita bila hata kupunguza mwendo.

Saa nne nilikuwa masjala, chumba cha mahakama yanakotunzwa majalada. Karani alikuwa mama mtu mzima, miwani imemshuka puani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Jina la mshtakiwa?"

"Yona."

"Yona nani?"

"Baba Rehema."

Hapo akainua kichwa. "Binti yangu, hapa hatufungui kesi ya Baba Rehema. Nipe majina yake."

Sikuwa nayo. Nilimlaani mtu huyu miaka saba, shamba lake linapakana na letu, na jina la baba yake silijui. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Karani akauliza kesi ilikuwa mwezi gani, nikamjibu ni baada ya kupura mtama. Akaguna, lakini hakunifukuza. Alileta rejista ya kesi za barabarani ya mwaka ule, akaanza kushuka na kidole, nami nikasimama upande wake nikisoma.

Kuendesha gari akiwa amelewa. Kuendesha pikipiki akiwa amelewa. Ukurasa baada ya ukurasa, wanaume kwa majina yao matatu, kosa lilelile. Nilikuwa nimeishi nikidhani balaa hili ni la Yona peke yake. Nikawa najiuliza kila jina lilitoka nyumba gani siku ile, na nani alikuwa anachota.

"Huyu hapa," karani alisema. "Yona Zakayo. Andika barua kwa hakimu kuomba kulisoma jalada. Eleza wewe ni nani katika kesi hii."

Niliandika: dada wa marehemu. Kalamu ikasimama, kwa kuwa kulikuwa na maneno mengine ya kweli ya kuongeza. Sikuyaongeza. Akaniambia nirudi kesho.

Jioni nililala kwa Bi Zuhura, ambaye familia yake inauza vitambaa mjini, na mimi ni mteja wao wa siku nyingi. Alinipikia wali, akanilazimisha kula. Nilimweleza habari ya jalada la kesi ya Elia, na kwamba nilikuwa nimeogopa sana kuomba karatasi za serikali.

"Uogope nini?" akasema. "Kesi inasikilizwa mlango wazi, mwanangu, yeyote anaingia. Kwani siku ya kesi ninyi mlikuwa wapi?"

"Baba alisema hataki kumwona muuaji."

"Na wewe?"

Nikamwambia wali ni mtamu. Bi Zuhura si mtoto, alielewa, akaniongezea wali.

Asubuhi ya pili karani aliniwekea jalada mezani. Lilikuwa jembamba. Nilitegemea kitu kinene, kwa jinsi lilivyotuelemea nyumbani. Ndani kumeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha lebo za vitambaa. Karani akavuta kiti akanisomea kwa Kiswahili, polepole.

"Mshtakiwa amekiri makosa yote mawili. Mahakama inamwuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Mshtakiwa anasema: Nilikunywa kilabuni, peke yangu. Watu wa nyumbani kwa marehemu hawakujua kama nimelewa. Marehemu alikuwa rafiki yangu. Naomba wazazi wake wasisumbuliwe."

"Soma tena, mama."

Akasoma tena.

"Hakuna jina la mtu mwingine?"

"Lipo la kwake na la marehemu. Basi."

Nililia kwa sauti, ndani ya ofisi ya watu. Karani alilisogeza jalada kwanza, lisilowe, kisha akaenda kufunga mlango. Yona alikuwa na nafasi ya kusema. Angesema tu kwamba alipewa na mzee na hakuweza kukataa, huenda angepunguziwa. Akatulinda, nasi tukala mavuno miaka saba tukimtukana.

Alasiri ya siku ileile, nakala ya ukurasa ule ikiwa kwenye pochi, nilishuka Ulemo. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, sijui tangu saa ngapi. Hakungoja hata tufike nyumbani.

"Limo?"

"Halimo, baba." Nikamsomea yale niliyoyaandika kwa Kiswahili nyuma ya karatasi, nikiwa nimejiandaa kumwona akishusha pumzi. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Tafuta vizuri."

"Karani amesoma mara mbili. Hujaandikwa popote."

"Nilijua Yona atasema," baba alisema. "Niliwangoja polisi, Naomi. Kila gari lililosimama hapa nilivaa viatu. Hawakuja. Nikasema labda wameniandika, wakanionea huruma kwa uzee wangu. Kumbe hakuna anayejua. Nitakufa nikiwa mzee mwema aliyefiwa na mwanawe."

Akalia. Siku ya kumzika Elia hakulia. Mimi nilikuwa nimesafiri siku mbili nikiomba jina lake lisiwemo, kumbe yeye alikuwa anaomba liwemo.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta barazani, amevaa koti la kanisani. Aliniambia amefikiria kwenda Mungaa, lakini kaburi haliwezi kumjibu.

"Wewe unajua kuandika," akasema. "Iandike safari yako, uwape watu wasome. Na jina langu uliweke."

"Baba, watu watakusema."

"Waniseme."

Nilichojifunza Singida ni hiki: jalada huandika maneno ya waliofika mahakamani, na sisi hatukufika, ingawa mlango ulikuwa wazi. Kwa hiyo nayaandika hapa yaliyopungua. Aliyempa Yona Zakayo pombe siku ile, mara tatu, baada ya Yona kukataa, ni Yeremia Msengi wa Ulemo, baba mzazi wa marehemu. Aliyechota ni mimi, Naomi, binti yake.