Siku bibi alipokataa kahawa ya katekista wetu, Kamachumu

Wakuu, poleni na shughuli.

Hili ni langu mwenyewe, sijaliongezea chumvi. Mimi ni bibi wa watu sasa, wajukuu ndio walionifundisha kuingia humu, kwa hiyo mnivumilie.

Ni miaka ya ujamaa, kijijini kwetu karibu na Kamachumu. Nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, yaliyofanyika nyumbani kwa katekista. Katekista wetu alikuwa mtu wa watu, kila nyumba inamkaribisha.

Akaanza kunibakiza peke yangu wenzangu wakiondoka. Eti sala zangu hazijakaa sawa. Uongo mtupu, sala nilizijua kuliko wote!

Siku moja akaniita ndani kwake, akafunga mlango, akasema ya hapa nisiyapeleke nyumbani. Bahati nzuri mtu akapiga hodi. Alipofungua, nikachomoka mbio.

Nyumbani nikasema siendi tena. Baba, balozi wa nyumba kumi, akafoka: "Unataka kuniaibisha? Yule ni mtu wa Mungu!" Akaapa kwamba Jumatatu atanipeleka mwenyewe.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Kwa nini hutaki?"

Ni yeye tu aliyeuliza. Nikamwambia yote.

Jumapili baada ya ibada wazazi walikutana kwa katekista kupanga sikukuu yetu, nasi watoto tukakaa nyuma. Kikapu kidogo cha akamwani kikazunguka, ile kahawa yetu ya kutafuna. Kwa Wahaya mgeni haikatai. Ukiikataa, umetangaza mbele ya watu kwamba wewe na mwenye nyumba hamko pamoja.

Kikamfikia bibi. Akakirudisha.

"Mama!" baba akanong'ona.

"Mwalimu," bibi akasema, "sitafuni kahawa ya nyumba inayofungwa mlango mtoto wa watu akiwa ndani."

Katekista akacheka, akasema uzee umemchanganya. Niliogopa sana, wakuu. Nilijua wakicheka wote, Jumatatu nitarudishwa kule.

Basi jirani yetu, mama mmoja mpole, akatema kahawa yake kiganjani. Binti yake alikuwa ameacha mafundisho mwaka uliotangulia, na kijiji kizima tukamwita mvivu. Mama yule akaiweka ile kahawa miguuni pa katekista, akatoka analia.

Baba akamtazama anavyotoka. Kisha naye akatema yake.

Habari zikamfikia paroko, naye akamwondoa yule bwana. Mafundisho yakahamia kanisani, milango wazi, akina mama wakikaa kwa zamu.

Imani yangu ninayo bado. Watoto wakiwa na mafundisho hapa Nyanga ninakoishi sasa, naweka kiti changu mlangoni. Vijana wananitania eti mlinzi wa kanisa. Wacha watanie.

Mtoto akikwambia "sitaki kwenda", muulize kwa nini kabla hujamwita mtovu wa adabu. Mimi niliulizwa. Yule binti wa jirani hakuulizwa na mtu, na mpaka leo hajakanyaga tena kanisani.

Karibuni mchangie. Kwenu, mlangoni anakaa nani?